Miligramu si Jambo la Kupuuzwa

Tangu kilo na gramu zilipochukua nafasi ya ratili na wakia katika maduka yetu, wananchi wa visiwa hivi wamevizoea vipimo hivyo kiasi cha kutovifikiria tena. Mama anayekwenda sokoni, awe Darajani au Chake Chake, huagiza kilo ya mchele, nusu ya sukari au robo ya kitunguu thomu, na jicho lake hulitambua jiwe la mizani kabla halijawekwa. Mkulima anayepeleka karafuu zake kituoni anaijua kilo kama anavyokijua kiganja chake, na atakayethubutu kumpunja atayasikia maneno yake. Kwa upande wa kilo, basi, watu wetu hawahitaji mwalimu.

Mambo hubadilika tukishuka chini ya hapo. Gramu moja ni kitu ambacho wengi wetu hatujapata kukishika mkononi tukakijua kuwa ndicho. Miligramu ni neno tunalolikuta kwenye kikasha cha dawa na kulipita. Mikrogramu wengi hawajui hata kwamba ni neno. Kwao ni herufi mbili au tatu za kigeni zilizochapwa kwa wino hafifu pembeni mwa tarakimu. Leo tunapenda kulizungumzia jambo hili, kwa sababu tunaamini kuwa limekwisha kuleta madhara katika nyumba zetu na litaendelea kuyaleta ikiwa wananchi na wakuu wanaohusika watalichukulia kuwa ni somo la watoto wa skuli tu.

Tukio lenyewe lililotusukuma kuandika ni hili. Mzee mmoja wa kijiji cha wavuvi, mtu tuliyemjua tangu zamani, alikuwa akitumia dawa ya moyo iitwayo digoksini. Kwa muda mrefu vidonge vyake viliandikwa 0.25 mg. Mafigo yake yalipoanza kudhoofika daktari aliona ni lazima kiasi kipunguzwe, akamwandikia vidonge vipya ambavyo kikasha chake kiliandikwa 62.5 kikifuatiwa na herufi za mikrogramu. Daktari alisema, na hapana shaka alisema kwa nia njema, "Hii mpya ndiyo ndogo." Mke wa mzee, bi mkubwa ambaye hufanya kila jambo kwa hadhari, alipofika nyumbani akavitazama vikasha vyote viwili, akaingiwa na shaka. Siku ya pili alikwenda duka la dawa akamuuliza kijana aliyekuwapo, "Mwanangu, katika hizi, ndogo ni ipi?" Kijana akasoma tarakimu akamjibu, "Ndogo ni hii ya sifuri nukta mbili tano, bibi. Hiyo ya sitini na mbili ndiyo kubwa."

Bi mkubwa akafanya lile ambalo kila mwenye akili angelifanya kwa jawabu kama hilo. Akakiweka kando kikasha kipya, akaendelea kumpa mumewe vidonge vya zamani, akiamini kuwa anamlinda. Wiki ya pili haijesha mzee akakataa chakula, akawa anatapika, na usiku mmoja akamwuliza mkewe kwa nini taa imegeuka manjano. Wanaoijua dawa ile wanazijua dalili hizo: ni alama za digoksini iliyozidi mwilini. Alichukuliwa kwa mashua, akatibiwa, akapona. Wasomaji wasije wakadhani tunamlaumu yeyote kwa jina. Hatutaji hospitali wala duka. Tunachosema ni kuwa katika safari nzima ya dawa ile, kutoka kalamu ya daktari mpaka kikombe cha maji cha mzee, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyesimama akamwonyesha bi mkubwa kwamba 0.25 ya miligramu ni mikrogramu 250, na kwa hiyo kidonge cha zamani kilikuwa na dawa mara nne ya kile kipya. Kijana wa dukani alilinganisha 62.5 na 0.25 kana kwamba zote mbili ni kilo.

Hebu basi tuieleze ngazi hii kwa utaratibu, ijapokuwa wapo watakaoona tunarejea darasani. Gramu elfu moja ni kilo moja, hilo linajulikana. Gramu moja ikigawanywa mafungu elfu, kila fungu ni miligramu. Miligramu nayo ikigawanywa mafungu elfu, kila fungu ni mikrogramu. Kila daraja unayoshuka unagawanya kwa elfu, na hilo ndilo linalowachanganya watu, kwa sababu katika maisha ya kila siku tumezoea kugawanya kwa mbili, kwa nne au kwa kumi. Anayekosea daraja moja hakosei kidogo, anakosea mara elfu.

Ukitaka kuiona gramu, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta maji mpaka alama ya mililita moja. Maji hayo ni gramu moja. Hilo si sadfa. Ndivyo ilivyokusudiwa huko Ufaransa mwaka 1795, gramu ilipowekwa kisheria kuwa uzito wa maji yanayojaza mchemraba wenye upande wa sentimita moja, maji yakiwa baridi kama ya barafu inayoyeyuka. Ukitaka kuiona miligramu, afisa yeyote anayesoma makala haya anayo mezani kwake. Karatasi ya kawaida ya ofisini ya ukubwa wa A4, ile ambayo pakiti yake imeandikwa gramu 80, ina uzito wa gramu 5. Hiyo 80 ni uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi hiyo, na karatasi 16 za A4 hufanya mita moja ya mraba. Kata kwa mkasi kipande cha sentimita moja kwa moja: umeshika miligramu 8. Kata tena kipande cha milimita moja kwa moja, ikiwa macho yako bado yanakuruhusu, nacho ni mikrogramu 80. Dawa iliyomo katika kidonge kipya cha yule mzee ni pungufu ya kijipande hicho. Dawa iliyomo katika kile cha zamani ni kama vijipande vitatu na ziada kidogo. Baina ya vijipande hivyo ndipo yalipokuwa maisha ya mtu.

Wala asidhani mtu kuwa ukubwa wa kidonge unaonyesha wingi wa dawa. Dawa yenye uzito wa mikrogramu chache haiwezi kushikika kwa vidole, kwa hiyo watengenezaji huichanganya na wanga au sukari au unga mwingine usiodhuru ili ipate umbo. Kidonge kikubwa cheupe huweza kuwa na dawa hafifu, na kidogo kama punje ya mtama kikawa na dawa kali mno. Tunalitaja hili kwa sababu tumewasikia watu wazima, wenye elimu zao, wakisema "nipe kile kidogo, kikubwa kitanilevya."

Wapo watakaosema kuwa vipimo vidogo hivi ni mambo ya wageni, na kuwa wazee wetu waliishi kwa kibaba na pishi bila kuhitaji nukta. Hapo tunapingana nao. Ni kweli kwamba nafaka ilipimwa kwa pishi, na karafuu kwa frasila. Lakini wazee hao hao walipokuwa na kitu cha thamani walikuwa na mizani ya kitu hicho. Ratili ilikuwa na wakia 16, na wakia moja ni kiasi cha gramu 28, karibu sawa na uzito wa ile riale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa iliyozagaa pwani yote. Dhahabu, udi na mafuta mazuri vilipimwa kwa tola, ambayo ni gramu 11.66, na rupia ya fedha ya Kihindi, iliyotumika Zanzibar mpaka katikati ya miaka ya 1930, ilikuwa na uzito wa tola moja, kiasi kwamba mwenye rupia mfukoni alikuwa na jiwe la mizani. Chini ya tola masonara wa Kihindi walikuwa na kipimo kingine bado: punje ya turituri, ile mbegu nyekundu yenye doa jeusi ambayo watoto wetu huiokota vichakani. Tola moja ilihesabiwa kuwa ni punje 96, na kwa hiyo punje moja ni kiasi cha miligramu 120. (Mbegu hiyo, tukumbushe kwa kupita, ina sumu kali ikitafunwa, watoto waichezee kwa macho tu.) Watu waliopima dhahabu kwa punje ya turituri hawakuwa wageni wa vitu vidogo. Sisi ndio tuliojifanya wageni.

Na kwa kuwa tumeitaja dhahabu, tuseme neno moja. Pete ya gramu 5 ikikosewa sehemu moja ya kumi ya gramu, mnunuzi au muuzaji amepoteza sehemu mbili katika mia za mali yake. Sehemu hizo mbili katika kilo ya sukari ni gramu 20, na mwenye duka angelipigiwa kelele. Kwa sonara hakuna anayepiga kelele, kwa sababu aliyekwenda kuuza bangili ya mama yake huwa hatazami upande wa kulia wa nukta. Wakaguzi wa vipimo wanaozunguka masokoni kukagua mizani za samaki na za nyama wanafanya kazi nzuri. Tungependa kuwaona pia katika vichochoro vya masonara wakiwa na vijiwe vyao vya miligramu.

Turudi kwenye afya, maana huko ndiko hasara isiyolipika.

Mwanadamu mzima anahitaji madini joto, yaani iodini, kiasi cha mikrogramu 150 kwa siku, na mama mwenye mimba au anayenyonyesha mikrogramu 250. Hayo ni makadirio ya Shirika la Afya Duniani. Mikrogramu 150 kwa siku, kwa mwaka ni kiasi cha miligramu 55. Kwa miaka 70 ya maisha hazifiki gramu 4. Maana yake ni kuwa iodini yote anayoihitaji mtu tangu utu uzima mpaka kaburini ni nyepesi kuliko ile karatasi moja ya A4 tuliyoikata. Akiikosa, shingo huvimba rovu. Na hilo la shingo ndilo dogo, kwa kuwa mama mwenye mimba akiikosa, ubongo wa mtoto aliye tumboni huathirika, na mtoto akizaliwa na upungufu huo hakuna dawa ya kumrudishia baadaye alichokikosa.

Kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa watu wa visiwani hawawezi kuikosa iodini, maana wamezungukwa na bahari na wanakula samaki. Uchunguzi uliofanywa Unguja na Pemba, na kuchapishwa mwaka 2006, uliikanusha dhana hiyo. Watoto wenye rovu walikutwa visiwa vyote viwili, na Pemba hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu huko nyumba zilizokuwa na chumvi iliyotiwa madini joto zilikuwa chache mno.

Bado kuna wanaouliza: chumvi yetu inatoka baharini, vipi ikose iodini? Jawabu liko katika hesabu ndogo ambayo mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kiasi cha gramu 35. Iodini katika lita hiyo ni mikrogramu 50 hadi 60. Hata kama yote ingelibaki katika chumvi baada ya maji kukauka juani, na kwa kweli haibaki yote, gramu moja ya chumvi isingelipata mikrogramu 2. Mtu anashauriwa asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku kwa ajili ya mshipa wa damu. Gramu 5 za chumvi hiyo zingelimpa mikrogramu 9, naye anahitaji 150. Sasa chukua chumvi iliyotiwa iodini miligramu 30 kwa kila kilo, kiwango kilichomo ndani ya kile kinachokubaliwa kimataifa. Kila gramu ina mikrogramu 30. Gramu 5 zina mikrogramu 150 kamili. Aliyeipanga hesabu hiyo hakubahatisha.

Tunawaheshimu wananchi wetu wanaotayarisha chumvi katika mabonde ya pwani ya Pemba. Ni kazi ya jasho, ya jua na ya matope, na wengi wao ni watu wa kipato kidogo. Lakini tunawaambia kwa uwazi kwamba kumtaka mtu atie miligramu 30 katika kilo bila kumpa mizani inayopima miligramu, wala kifaa cha kunyunyizia, wala dawa ya kupimia matokeo, ni kumtaka afanye ramli. Akinyunyiza kwa kukisia, gunia moja litapata mara tatu ya kiasi na la pili halitapata kitu. Wakuu wa afya na wa viwanda wanalijua hili vizuri kuliko sisi. Tunachowaomba ni kwamba wasimalize kazi kwa kutoa amri. Wawafikie watayarishaji hao vikundi kwa vikundi, mizani mkononi. Na mama wa nyumbani naye ana sehemu yake: chumvi hiyo ikikaa wazi penye unyevunyevu au juani hupoteza iodini yake, kwa hiyo iwekwe ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko.

Tusije tukafahamika kuwa tunasema kidogo hakitoshi na kingi ni bora. Pemba yenyewe imeufundisha ulimwengu kinyume cha hayo. Mwanzoni mwa karne hii watoto wengi wadogo wa kisiwa hicho waliingizwa katika uchunguzi mkubwa wa kitaalamu, wakipewa kila siku madini ya chuma miligramu 12.5 pamoja na folik asidi mikrogramu 50, na wasiotimia mwaka wakipewa nusu yake. Nia ilikuwa njema, kwani upungufu wa damu ni tatizo letu la siku nyingi. Lakini wataalamu waliokuwa wakilinganisha watoto waliopata chuma na wasiopata waliona kuwa waliopata walikuwa wakiugua sana hata kulazwa, au wakifariki, kwa kiasi cha sehemu 12 katika mia zaidi ya wenzao. Sehemu hiyo ya uchunguzi ilisimamishwa mwaka 2003, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2006. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mashauri yake, na leo inasisitizwa kuwa penye malaria mengi watoto wasipewe chuma bila ya kuwako kinga na matibabu ya malaria. Chuma si sumu, na mama aliyeandikiwa na daktari asiache kukitumia kwa kusoma haya. Ila miligramu 12.5 ni uzito wa kipande cha karatasi cha kiasi cha sentimita moja na nusu za mraba, na watoto wa Pemba walilipa gharama ili dunia ijue kuwa kipande hicho kina nguvu. Ingelikuwa aibu ikiwa wazee wa watoto hao hao hawajui miligramu ni nini.

Liko pia jambo la dawa zetu wenyewe. Punje moja kavu ya karafuu ina uzito wa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya gramu, na mafuta ndani yake ni miligramu 15 hadi 20. Punje moja mdomoni kwa maumivu ya jino haimdhuru mtu mzima. Lakini mafuta yaliyokwisha kukamuliwa ni kitu kingine: kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo ni sawa na punje mia tatu. Vitabu vya tiba vina kumbukumbu za watoto walioharibika ini kwa kunywa kiasi cha mililita 10. Chupa hizo ndogo zenye harufu ya kwetu tunazowauzia watalii, na ambazo baadhi yetu tunaziweka kabatini karibu na sukari, zinastahili kuandikwa onyo na kuwekwa mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Na homa ya mtoto? Hapa kosa hutendeka kila usiku. Dawa ya maji ya parasetamoli iliyozoeleka ina miligramu 120 katika mililita 5. Ipo nyingine, ya matone, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga, ambayo ina miligramu 100 katika kila mililita moja. Mama aliyezoea kijiko cha ile ya kwanza akitia kijiko kile kile cha hii ya pili, amempa mtoto miligramu 500, dozi ya mtu mzima. Mtoto wa kilo 10 anafaa kupata miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja, si zaidi ya mara nne kwa siku. Marekani, ambako watu wanasoma na madaktari ni wengi, makosa ya namna hii yalizidi mpaka mwaka 2011 watengenezaji wakakubaliana kuacha matone makali na kuuza nguvu moja tu kwa watoto wote. Kama wao walishindwa kuwategemea wazee kusoma tarakimu usiku wa manane, sisi tunategemea nini?

Kijiko chenyewe nacho ni tatizo. Maelezo husema "kijiko cha chai" kwa maana ya mililita 5, lakini vijiko vya majumbani mwetu havikutengenezwa na mtu mmoja. Kimoja kinachukua 3, kingine 7, na kile cha chakula huchukua 15. Kijibomba cha plastiki chenye alama za mililita ni kitu cha bei ndogo kabisa. Tunaona haifai dawa ya maji ya mtoto itoke kituo chochote cha serikali au duka lolote bila ya kijibomba hicho, na mtoaji dawa amwonyeshe mama kwa wino alama anayotakiwa kufikia.

Kuhusu uandishi, wala hatuhitaji kubuni jipya. Kitabu cha dawa kinachotumiwa na madaktari wa Uingereza, kijulikanacho kwa herufi za BNF, kinawaagiza waandike neno mikrogramu kwa ukamilifu bila kulifupisha, na waepuke nukta pale isipolazimika: waandike mikrogramu 500 badala ya 0.5 ya miligramu. Nukta ikilazimika, itanguliwe na sifuri, maana .5 iliyoandikwa kwa haraka husomeka 5. Hayo ni mambo ya kalamu tu. Hayahitaji fedha ya kigeni wala mjumbe kusafiri. Laiti vile vikasha viwili vya mzee vingeliandikwa mikrogramu 250 na mikrogramu 62.5, bi mkubwa asingelihitaji kwenda kuuliza dukani.

Skuli nazo tunazitupia jicho. Watoto wetu wanafundishwa kubadili kilo kuwa gramu na gramu kuwa miligramu, wanapata alama, wanasahau. Mwalimu akiwapa karatasi moja na mkasi kama tulivyoeleza hapo juu, wakakata miligramu 8 kwa mikono yao, kisha akawaambia walete kutoka nyumbani kikasha kitupu cha dawa ya babu au ya bibi na kusoma kilichoandikwa, tunaamini watarudi nyumbani wakiwa wakaguzi. Katika nyumba nyingi za shamba anayesoma maandishi ya kikasha cha dawa ni mtoto wa darasa la sita au la saba, kwa kuwa macho ya wakubwa yamechoka au hawakubahatika kusoma. Kumfundisha mtoto huyo ndiko kuifundisha nyumba.

Huenda tukaambiwa kuwa hakuna haja ya mwananchi wa kawaida kujua haya, kwamba inatosha akifuata alichoambiwa na daktari. Bi mkubwa alifuata alichoambiwa. Tatizo ni kuwa aliambiwa na watu wawili. Wala wataalamu wakubwa wenyewe hawakuvidharau vitu vidogo. Ile kilo ya madini ya platinamu na iridiamu iliyohifadhiwa karibu na Paris tangu mwaka 1889 kuwa ndiyo kilo ya dunia nzima iligundulika kuwa imetofautiana na nakala zake kwa kiasi cha mikrogramu 50, uzito usiofika punje moja ya chumvi laini ya mezani. Kwa sababu ya tofauti kama hiyo wataalamu wa mataifa walikutana mwaka 2018 na kuiondoa kilo hiyo katika kazi yake, na tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo inapatikana kwa hesabu ya maumbile isiyopungua wala kuzidi.

Kule kijijini, yule mzee anaendelea vizuri, ingawa hajarudi baharini. Vidonge vya zamani vimerudishwa hospitali. Tulipomtembelea mkewe alituonyesha kikasha kipya, akatuuliza kama ni kweli kuwa ile 62.5 ndiyo ndogo. Tukakaa naye barazani tukakata karatasi. Tungefurahi kuwasikia wakuu wa afya wa wilaya, pamoja na wenye maduka ya dawa, wakitueleza katika ukurasa huu ni lini maandishi ya vikasha yatatolewa kwa Kiswahili na kwa mikrogramu iliyoandikwa kwa ukamilifu, na ni kituo kipi kitakachoanza.